Aliyekimbia Nyuma ya Jesse Owens

Mtajie mwanachuo yeyote Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, atakujibu jina moja tu: Jesse Owens. Ni haki yake, maana mtu aliyechukua dhahabu nne mbele ya macho ya Hitler hasahauliki. Lakini katika fainali ya mita 100 aliyefika wa pili, sehemu moja ya kumi ya sekunde nyuma ya Owens, naye alikuwa Mmarekani mweusi, tena zao la chuo kikuu cha kanisa. Aliitwa Ralph Metcalfe. Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu kila mwaka hapa kampasi tunabishana kama michezo ni sehemu ya elimu au ni kupoteza muda, na wengi wetu tunaobishana tunasoma vyuo vya makanisa. Nadhani maisha ya huyu bwana yanajibu swali letu vizuri kuliko kelele zetu za kantini, ingawa jibu lenyewe si jepesi kama tunavyopenda.

Metcalfe alizaliwa Atlanta, jimbo la Georgia, mwaka 1910. Wakati ule watu weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wanahama kwa maelfu kwenda miji ya viwanda ya kaskazini, wakikimbia umaskini na sheria za ubaguzi. Familia yake ilikuwa miongoni mwao. Walihamia Chicago, upande wa kusini wa jiji. Baba alipata kazi kwenye yale mazizi na machinjio makubwa yaliyolisha nyama nusu ya nchi, na mama alishona nguo. Mtoto akapelekwa shule ya ufundi ya Tilden, na huko ndiko ilikogundulika kwamba ana miguu.

Kuna ushauri mmoja aliopewa na kocha wake akiwa bado kijana, na yeye mwenyewe aliusimulia hadi uzeeni. Kocha alimwambia kwamba kwa kuwa yeye ni mweusi, asitegemee kushinda kwa kifua. Ahakikishe kati yake na anayemfuata kuna pengo ambalo kila mtu uwanjani analiona, kwa sababu mbio ikiwa na utata, mweusi hatapewa. Naomba msomaji alishike hilo neno pengo. Litarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Metcalfe aliingia Chuo Kikuu cha Marquette, mjini Milwaukee, kando ya Ziwa Michigan, mwendo mfupi wa treni kutoka Chicago. Marquette ni chuo cha Wajesuti, mapadre wa shirika lile lile lenye shule nyingi duniani. Kilianzishwa mwaka 1881 na kimepewa jina la mmisionari Mfaransa wa karne ya 17, Padre Jacques Marquette. Mwaka 1909 kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha Kikatoliki duniani kupokea wanawake pamoja na wanaume, kwa hiyo si chuo kilichoogopa kufungua mlango. Hata hivyo, kijana mweusi kwenye kampasi ile wakati ule alikuwa kama punje ya mtama mweusi kwenye gunia la mchele. Tena zilikuwa zile siku za anguko la uchumi, viwanda vinafungwa na wazazi wanashindwa hata kodi ya nyumba.

Hapa nieleze kidogo kwa ambaye hajui, kwa sababu mfumo wa Marekani si kama wetu. Sisi mchezaji hodari hutafutwa na klabu, au na majeshi. Kule, mwanariadha kijana hupita chuo kikuu. Chuo kina timu, kocha na uwanja wake, na vyuo vinashindana katika ubingwa wa taifa wa NCAA, chama kilichoanza mwaka 1906. Ukitaka kukimbia kwa jina la chuo, ni lazima uwe mwanafunzi, uingie darasani na ufaulu. Ni mfumo huo huo uliokuja kumchukua Mtanzania mwenzetu Suleiman Nyambui hadi Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, kabla hajatuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Hicho cha Nyambui ni cha serikali. Cha Metcalfe kilikuwa cha mapadre, na sala na falsafa vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Na inaonekana vilimwingia. Mwaka 1932, akiwa mwanafunzi, aliamua kuwa Mkatoliki. Wapo watakaosema alifuata mkumbo wa chuo. Sidhani. Mkumbo huisha siku ya mahafali, na yeye imani hiyo hakuiacha hata baada ya kuondoka Marquette.

Uwanjani sasa. Kwa miaka mitatu mfululizo, 1932, 1933 na 1934, Metcalfe alishinda ubingwa wa vyuo wa yadi 100 na wa yadi 220. Yaani mbio zote mbili, miaka yote mitatu. Katika mashindano ya wazi ya taifa alichukua mita 200 mara tano mfululizo, kuanzia 1932 hadi 1936. Rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 10.3, aliifikia zaidi ya mara moja. Hakuwa mwepesi kuanza; wenzake walimwacha hatua za mwanzo, kisha yule jamaa mkubwa mwenye mabega mapana anafunguka kuanzia katikati, na mita thelathini za mwisho zinakuwa zake.

Tarehe 1 Agosti 1932, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, tabia hiyo ilimgharimu. Fainali ya mita 100 ilikuwa kati yake na Eddie Tolan, Mmarekani mweusi mwingine, mfupi mwenye miwani, kutoka Chuo Kikuu cha Michigan. Tolan alitangulia, Metcalfe akamfikia karibu na mwisho, wakavuka mstari pamoja. Saa za waamuzi zikawapa wote 10.3. Watu wengi uwanjani waliamini Metcalfe ameshinda. Waamuzi wakachukua muda mrefu, wakaangalia filamu, wakasema ni Tolan. Kanuni ya wakati ule ilimtazama nani ametangulia kuupitisha mwili wake wote ng'ambo ya mstari, na kwa kipimo hicho Tolan alikuwa mbele kwa kitu cha sentimita kadhaa. Baadaye kanuni ilibadilishwa, ikawa anatazamwa aliyetangulia kuugusa mstari kwa kifua. Metcalfe alikaa hadi mwisho wa maisha yake akiamini kwamba ile mbio ilikuwa sare.

Kwenye mita 200 mambo yakawa ya ajabu zaidi. Alipata shaba, nyuma ya Tolan na George Simpson, na inasimuliwa kwamba alama ya kuanzia kwenye njia yake ilipimwa vibaya, akawa amekimbia umbali mrefu kuliko wenzake. Inasimuliwa pia kwamba alipewa nafasi ya kudai mbio irudiwe akakataa, kwa sababu medali zote tatu zilikuwa zimekwenda Marekani na hakutaka kuhatarisha za wenzake.

Unaona sasa lile pengo. Kocha alimwonya kwamba utata hautampa. Los Angeles hakukuwa na pengo, na hata ingawa aliyemshinda naye alikuwa mweusi, alijifunza kwamba bidii ya miaka inaweza kuishia mikononi mwa mtu aliyeshika kalamu.

Miaka minne baadaye ilikuwa zamu ya Berlin. Metcalfe alikuwa na miaka 26, mmoja wa wakubwa kati ya wanariadha weusi wa timu ya Marekani, na vijana walimsikiliza. Ujerumani ya Hitler ilitangaza kwamba watu weusi na Wayahudi ni viumbe wa daraja la chini. Metcalfe aliwashauri wenzake waache siasa pembeni, wafanye kazi iliyowapeleka. Wakaifanya. Owens wa kwanza kwa 10.3, Metcalfe wa pili kwa 10.4. Kwa mara ya pili mfululizo, fedha ya Olimpiki.

Ila dhahabu aliipata, na ndiyo sehemu ya maisha yake ninayoona ni ngumu kuisimulia. Timu ya mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, ilikuwa na vijana wawili Wayahudi, Sam Stoller na Marty Glickman. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kupokezana kwa siku nyingi. Asubuhi ya siku ya mchujo makocha wakaita kikao wakatangaza kwamba wawili hao wametolewa, na nafasi zao wanaingia Owens na Metcalfe. Sababu iliyotolewa ni kwamba Wajerumani wameficha wakimbiaji hatari. Wakimbiaji hao hawakuonekana kamwe. Marekani ilishinda kwa sekunde 39.8, rekodi iliyodumu miaka ishirini, na Italia iliyofuata ilikuwa 41.1. Wajerumani walikuwa wa tatu. Kwa tofauti hiyo, Stoller na Glickman wangeshinda vilevile. Glickman aliamini hadi kufa kwake kwamba waliondolewa ili kutomwudhi mwenyeji. Simulizi za kile kikao zinamtaja Owens kuwa ndiye aliyejaribu kupinga. Metcalfe alikimbia pale alipopangwa.

Simlaumu sana. Kijana mweusi mwaka 1936 aliyesimama mbele ya makocha weupe kuwapinga alikuwa anacheza na maisha yake yote. Lakini dhahabu pekee ya Olimpiki aliyowahi kuvaa ilipita juu ya kiti cha mtu aliyeonewa, na sioni njia ya kusimulia habari zake nikaruka hapo.

Baada ya Berlin wanariadha wengi wa wakati ule walibaki na medali tupu. Owens mwenyewe, pamoja na sifa zote, aliwahi kukimbizana na farasi kwa malipo ili apate riziki, na hakumaliza shahada yake. Metcalfe alikuwa amemaliza ya kwanza Marquette mwaka huo huo wa 1936. Akaendelea, na mwaka 1939 akapata ya uzamili katika elimu ya viungo, Chuo Kikuu cha Southern California. Walimu watarajiwa wenzangu, huyu sasa ni wa kwetu. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kufundisha. Alifundisha sayansi ya siasa na kuongoza timu ya riadha katika Chuo Kikuu cha Xavier, New Orleans, ambacho nacho ni cha kanisa: kilijengwa na Katharine Drexel na masista wake kwa ajili ya vijana weusi wa Louisiana waliofungiwa milango kwingine. Drexel alikuwa mtoto wa tajiri wa benki aliyeutoa urithi wake kwa shule za weusi na za Wahindi Wekundu, na mwaka 2000 alitangazwa mtakatifu.

Ilipokuja vita ya pili ya dunia Metcalfe aliingia jeshini kama ofisa na akatunukiwa nishani kwa mpango wa mazoezi ya viungo alioutengeneza kwa ajili ya askari. Nishani ya kuandaa mtaala, jamani. Sisi tunaoumizwa vichwa na maandalio ya somo tujue kuna mtu alivishwa nishani kwa kazi ya aina hiyo.

Baada ya vita alirudi Chicago, akafanya kazi katika tume ya jiji ya mahusiano ya watu, kitengo cha haki za raia. Mwaka 1955 akachaguliwa diwani wa kata ya tatu. Mwaka huo huo Richard Daley akawa meya, na hapo ndipo inaanza sura ndefu ya ukimya.

Daley aliiendesha Chicago kama duka lake. Ajira za jiji, zabuni, hata taa za barabarani zilipitia kwenye chama chake, na diwani aliyemtii alipata kazi za kuwagawia watu wa kata yake. Metcalfe alitii. Mwezi Oktoba 1963 zaidi ya wanafunzi 200,000 wa Chicago waligoma kwenda shule kwa siku moja, kwa sababu shule za weusi zilijaa hadi watoto wakasoma kwa zamu na ndani ya mabehewa yaliyoegeshwa uwanjani, huku shule za weupe zikiwa na madarasa matupu. Madiwani weusi wa Daley walikuwa sita, na kwa sababu ya kunyamaza kwao watu wakawabandika jina la sita wasiosema. Metcalfe alikuwa mmoja wao. Martin Luther King alipohamishia mapambano yake Chicago mwaka 1966, Metcalfe alikuwa upande wa meya.

Kama mwanafunzi wa ualimu nimekaa sana na hii habari ya 1963. Mtu aliyekuwa mwalimu, aliyefika alipofika kwa sababu ya elimu, anawaona watoto wa mtaani kwake wanasoma kwenye mabehewa, na anakaa kimya. Kwa nini? Maelezo niliyo nayo ni yale ya kocha wake na ya Berlin: fanya kazi yako, shinda kwa pengo, usibishane na mwenye kalamu. Ushauri huo ulimfikisha kwenye jukwaa la Olimpiki. Ulimfikisha pia kwenye udiwani, hadi mwaka 1969 akawa mweusi wa kwanza kushika nafasi ya kuongoza vikao vya baraza la jiji meya asipokuwepo, na mwaka 1970 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani. Mwaka 1971 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waanzilishi wa umoja wa wabunge weusi.

Kisha ikaja 1972. Katika majira ya machipuko ya mwaka ule madaktari wawili wa meno, weusi, watu wa heshima katika eneo lake, walidhalilishwa na polisi wa Chicago kwa nyakati tofauti. Mmoja alisimamishwa kwa kisingizio cha gari lake akatiwa pingu. Mwingine alipatwa na kiharusi akiwa anaendesha. Polisi wakaamua amelewa, wakamfungia selo kwa saa kadhaa badala ya kumpeleka hospitali. Metcalfe alimtaka Daley aje ofisini kwake wazungumze na viongozi wa jamii. Daley hakuja. Na yule mtiifu wa miaka 17, akiwa anakaribia kutimiza miaka 62, akasimama hadharani na kuvunja naye. Alisema kwamba mtu hachelewi kuwa mweusi. Akaunda jopo, likasikiliza ushahidi wa watu waliopigwa na kuteswa na polisi, likatoa ripoti.

Bei aliilipa. Fadhila zilizokuwa zikipita kwake kwenda kwa watu wa kata zikakatwa, na mwaka 1976 Daley akamsimamishia mpinzani kwenye kura za ndani za chama. Watu wa kusini mwa Chicago wakapiga kura, na Metcalfe akamshinda mtu wa meya kwa kishindo. Safari hii pengo lilionekana na kila mtu, na hakukuwa na mwamuzi wa kulipunguza.

Alifariki Oktoba 1978, wiki chache kabla ya uchaguzi mwingine, akiwa bado mbunge. Jengo kubwa la serikali katikati ya Chicago lina jina lake. Lakini kumbukumbu yake kubwa naiona kwingine. Kijana aliyejifunza siasa katika ofisi ya kata ya Metcalfe, Harold Washington, alikuja kukalia kiti kile kile cha ubunge, na mwaka 1983 akawa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Na mwaka 2000 kiti hicho kiligombewa na mwanasheria kijana ambaye baba yake alitoka Nyanza, Kenya. Alishindwa vibaya. Miaka minane baadaye Barack Obama alikuwa rais mteule.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Wanaosema michezo inampotezea mwanachuo muda, wamtazame Metcalfe: miguu ndiyo iliyomfungulia mlango wa chuo, na chuo ndicho kilichompa kitu cha kuishi nacho miaka 42 baada ya mbio yake ya mwisho ya Olimpiki. Na wanaosema mchezaji apewe tu maksi kwa kuwa analetea chuo makombe, nao wamtazame. Mapadre wa Marquette hawakumpa jina la kupamba kabati la vikombe. Walimpa shahada aliyoisomea. Timu yetu inaposafiri kwenda mashindano ya vyuo katikati ya wiki ya majaribio, inatakiwa irudi ikute mtihani wake umepangwa siku nyingine, iufanye na iufaulu. Hilo serikali yetu ya wanafunzi inaweza kulidai kwa maandishi muhula ujao, kabla ratiba haijabandikwa.

Upande wa pili ni wetu tunaosoma vyuo vya makanisa. Tunafundishwa utii, na utii una mahali pake; bila huo hakuna timu inayopokezana vijiti. Lakini vyuo hivyo hivyo vinatufundisha pia dhamiri, na Metcalfe alihitaji karibu miaka arobaini baada ya mahafali yake kuvikutanisha viwili hivyo. Watoto wa yale mabehewa ya 1963 walikuwa wameshakuwa watu wazima. Mwakani wengi wetu tutakuwa tumepangiwa shule, tutawakuta wanafunzi 120 darasa moja na mkuu wa shule anayependa mwalimu asiyeuliza. Tusisubiri tufike miaka 61.